Pipa la lita 60, mkeka wa Mama na kimashine cha samaki

Kabla hujanipigia simu kuulizia bei, soma hii kwanza. Tangu mwalimu mmoja wa Lushoto awaonyeshe wenzake kimashine cha kutunza tangi la samaki nilichomtengenezea, haipiti wiki sijapata mtu anayetaka "ile ya samaki". Wote wanataka jambo moja: wasafiri siku tano, warudi wakute samaki wazima na maji yako palepale. Nawaelewa. Mimi nami nilianza hivyohivyo, nikaishia kupiga magoti sebuleni saa tano ya usiku nikikamua mkeka.

Kazi yangu hasa ni feni. Feni, pasi, redio na siku hizi taa za LED. Kibanda kiko Ngamiani, hapa Tanga mjini, humohumo kwenye barabara zetu za namba, na nyumbani ni Makorora, mimi na Mama. Tangi nililiunda mwenyewe kwa kioo cha milimita 8: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Likijaa hadi ukingoni ni lita 200. Mjomba wangu ni mvuvi, asubuhi nyingi utamkuta soko la samaki la Deep Sea. Alipoliona mara ya kwanza alilizunguka, akainama, akasema, "Mjomba, hawa wote ukiwakusanya hawatoshi mchuzi wa mtu mmoja." Kuna na wanaoniuliza lini nitafuga silikanti, yule samaki wa kale wa baharini, kwa kuwa Tanga tuna hifadhi yake tangu 2009. Silikanti mkubwa hukaribia mita mbili. Tangi langu ni mita moja. Tuendelee.

Samaki wa kwanza walikuwa wale wa dhahabu, sita, kutoka Dar. Nilipanda nao basi kwenye ndoo yenye kifuniko, nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Wakakaa vizuri mpaka ikaingia Februari. Wenyeji mnaijua Februari ya hapa. Maji yalifika nyuzi 32, samaki wakawa wanapanda juu kuvuta hewa midomo wazi. Maji ya nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hushuka mpaka kama 7 na nusu, na samaki naye akiwa kwenye joto huhitaji hewa zaidi, si kidogo. Hesabu inambana pande mbili. Wanne walikufa ndani ya siku mbili. Wawili waliobaki nilimpa rafiki yangu mwenye kisima cha kivuli, mimi nikahamia gapi, ambao wanavumilia joto letu.

Karibu video zote nilizotazama zilihusu hita. Wanaozitengeneza wako Ulaya, baridi ndiyo adui yao. Kuuza hita ya samaki Tanga mjini ni kumpelekea mtu wa Muheza machungwa. Sisi shida yetu ni joto, na dawa nafuu ya joto ni feni. Nilichukua feni mbili ndogo za kompyuta, za volti 12, nikazielekeza juu ya maji. Lita moja ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kuzipoza lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye hewa yetu yenye unyevu, na kuta zinazorudisha joto mchana kutwa, mimi napata nyuzi mbili, siku ya upepo mkavu mbili na nusu. Zimetosha.

Ila feni ikipoza, maji yanapungua. Napoteza sentimita moja kwa siku, yaani lita 4. Ukisahau siku tatu, pampu ya chujio inaanza kukoroma kwa kunyonya hewa. Basi nikaona niweke pampu ndogo ya kuongeza maji, na boya la kuiambia lini iwake. Hapo ndipo kimashine kilipozaliwa, na hapo ndipo nilipokosea.

Ubongo wake ni Arduino Uno, kibao kidogo unachokiandikia programu kwenye kompyuta kisha kinaitekeleza peke yake. Bodi yenyewe haiwezi kuwasha kitu kikubwa, kwa hiyo inaamrisha rilei, vile viboksi vya bluu vinavyolia "tik". Toleo langu la kwanza lilikuwa zuri kwelikweli kwenye karatasi. Boya likishuka, rilei inalia tik, pampu inavuta maji kutoka kwenye pipa la lita 60, boya likipanda, tik, kimya. Nililijaribu mara ishirini. Nikalala.

Pipa nililiweka juu ya kabati, kwa sababu chini hapakuwa na nafasi. Mwisho wa mpira niliuzamisha kwenye tangi, ili maji yasipige kelele ya kudondoka wakati Mama anasikiliza redio. Fundi yeyote wa bomba angenicheka. Pampu ilipozima, maji hayakusimama. Pipa liko juu, tangi liko chini, mpira umejaa maji kutoka mwanzo hadi mwisho: yakaendelea kujivuta yenyewe, kama unavyonyonya petroli kwenye tangi la pikipiki. Programu haikuwa na kosa hata moja. Rilei ilifanya kazi yake. Ukiiangalia skrini ilikuwa inasema PAMPU IMEZIMWA, na ilikuwa inasema kweli.

Tangi lilikuwa na nafasi ya sentimita tatu juu, ambayo ni lita 12. Pipa lilikuwa na lita kama 45. Kilichobaki kilimwagika sebuleni.

Mama ndiye aliyeamka kwanza. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, mbona sakafu inatembea?" Nikatoka, nikamkuta yuko peku katikati ya maji na kitambaa mkononi, anainama kukausha. Nyuma yake, sakafuni, ekstensheni ya televisheni ilikuwa imelala ndani ya maji, taa yake nyekundu inawaka. Sikumbuki nilifikaje kwenye meni swichi. Ninachokumbuka ni giza, na Mama akiuliza kwenye giza hilo, "Sasa umezima taa nitaonaje?"

Mimi naishi kwa umeme. Kila siku nawaambia wateja wasishike feni kwa mkono wenye maji. Na nilikuwa nimemtegea mama yangu mzazi.

Nilikaa wiki nzima sijaligusa. Niliporudi, sikurudi na swali la kifanye nini. Nilichukua daftari nikaandika kila kifaa, na mbele yake maswali mawili tu: kikigoma kikiwa kimewaka, itakuwaje? Kikigoma kikiwa kimezima, itakuwaje? Daftari lile ndilo mashine yenyewe. Bodi, waya na programu vimekuja baadaye, na kusema kweli ni rahisi.

Tuanze na maji. Pipa nimelifukuza. Sasa kuna ndoo ya lita 10, imekaa sakafuni, chini ya tangi. Nafasi juu ya tangi ni lita 12. Hata pampu ikiwaka usiku kucha, hata boya life, hata programu ichanganyikiwe, ndoo yote itaingia kwenye tangi na bado itabaki nafasi ya lita mbili. Usalama huu hauhitaji umeme wala akili. Kuna mtu alinishauri niunganishe moja kwa moja na simtanki la juu ya nyumba, nisiwe najaza ndoo. Simtanki lina lita 1,000. Nilimwangalia tu.

Mwisho wa mpira sasa uko hewani, umefungwa juu ya ukingo wa kioo, haugusi maji kamwe, kwa hiyo maji hayawezi kujivuta kwenda wala kurudi. Kelele ya kudondoka ipo. Mama ameizoea.

Halafu muda. Pampu hii inatoa kama lita 3 kwa dakika. Programu hairuhusu iwake zaidi ya sekunde 40 kwa mara moja, na si zaidi ya mara mbili kwa siku. Sekunde 40 ni lita 2, mara mbili ni lita 4, ambazo ndizo ninazopoteza. Ikifika kikomo na boya bado linalia maji yako chini, mashine inaacha kujaribu na kupiga kengele. Nilidhani nimezidisha woga, mpaka siku kengele ilipolia na nikakuta konokono amekaa juu ya boya, amelikandamiza, amestarehe. Kwa mashine, maji yalikuwa yamepungua tangu asubuhi. Kuna na boya la pili, juu zaidi, ambalo halipitii kwenye bodi kabisa: waya wa pampu unapita ndani yake. Likinyanyuka, pampu imekatwa, programu ipende isipende. Yote mawili sasa nimeyavika kipande cha chandarua.

Maji ya kuongezea yawe ya mvua ukiweza. Mvuke ukipanda unaacha chumvi zake nyuma, nawe ukiongeza maji ya kisima, na vya kwetu wengi mnajua ladha yake, kila wiki chumvi inapanda. Mimi nakinga ya masika, mvua ya kwanza naiacha ioshe bati. Yakiisha natumia ya bomba, haya yanayotoka Mto Zigi, nikiyaacha wazi usiku mzima klorini ipungue.

Sasa rilei. Hapa mafundi wenzangu someni polepole. Kila rilei ina njia mbili: moja inapitisha umeme rilei ikiamrishwa, nyingine inapitisha muda wote mpaka rilei iamrishwe. Wengi huchukua ile ya kwanza kwa kila kitu, kwa mazoea. Mimi pampu ya kuongeza maji na hita naziweka kwenye ya kwanza: bodi ikifa, zinazima. Lakini pampu ya chujio na ile ya hewa nimeziweka kwenye ya pili: bodi ikifa, zinaendelea. Samaki anaweza kukaa siku bila taa na bila chakula, ila maji yasiyozunguka kwenye joto letu yanamnyima hewa, na vile vijidudu vinavyosafisha maji ndani ya chujio navyo vinahitaji oksijeni. Utauliza, kwa nini basi chujio lipite kwenye mashine? Kwa ajili ya kulisha. Kuna kitufe: ukibonyeza, chujio linatulia dakika 10 ili chakula kisinyonywe, kisha linawaka lenyewe. Zamani nilikuwa nachomoa plagi, nalisha, nasahau.

Jambo dogo lililonila siku mbili: rilei nyingi za hizi za bluu huwaka zikipewa sifuri, huzima zikipewa volti 5. Ukiiambia bodi kwamba pini hii, kile kijimguu chake kinachoiamrisha rilei, ni ya kutoa kabla hujaipa hali ya juu, yaani volti 5, inaanza na sifuri, na kwa kitambo kidogo sana rilei inawaka. Hutaona. Lakini siku umeme unakatika na kurudi mara kumi ndani ya saa moja, pampu inakohoa mara kumi. Geuza mistari ya programu: kwanza hali ya juu, ndipo useme ni ya kutoa.

Na washa mbwa mlinzi. Ndani ya kibao kile kuna saa inayohesabu, programu inatakiwa iiguse kila mara, isipoguswa kwa sekunde nilizopanga, ambazo haziwezi kuzidi kama 8, inaiwasha bodi upya kwa nguvu. Mota za pampu zikizima hurusha cheche za umeme zinazoweza kuigandisha bodi. Imenitokea, na ilikuwa imeganda ikionyesha joto zuri kabisa, nyuzi 27, la tangu jana yake.

Hilo la joto linanipeleka Lushoto. Kule hita ni hitaji kweli, Julai usiku unalala na blanketi mbili. Mwalimu ana tangi la lita 100, na alikuja na hita ya wati 300 aliyonunua tayari, anajivunia. Nikamwandikia hesabu nyuma ya risiti. Lita 100 za maji kupanda nyuzi moja kwa wati 100 ni kama dakika 70. Kwa wati 300 ni dakika 23. Hita hiyo ikigoma ikiwa imewaka, kutoka 24 mpaka 34 ni kama muda wa saa nne, au zaidi kidogo chumba cha baridi kikikusaidia. Yaani akienda kazini asubuhi, anarudi mchana kukuta supu. "Shika ya 100," nikamwambia, "ikishindwa kupasha sana, hiyo ndiyo sifa yake." Hakufurahi, ila ni mwalimu wa hesabu, akanyamaza.

Kihisi cha joto tunachotumia sote ni DS18B20, kile cha ncha ya chuma isiyopitisha maji. Kizuri, makosa yake hayazidi nusu nyuzi. Lakini kina tabia mbili lazima uzijue. Waya wake ukikatika, programu ya kukisoma hurudisha namba hasi 127. Na kikipoteza umeme kidogo kikaamka upya, kabla hakijapima husema 85. Sasa fikiria mstari ambao kila anayeanza anauandika: joto likiwa chini ya 24, washa hita. Hasi 127 iko chini ya 24. Waya umekatika, na mashine inaona maji yameganda kuliko barafu, inapasha, inapasha, haitaridhika mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo kwangu namba yoyote chini ya 10 au juu ya 40 si joto, ni ugonjwa. Zikija tatu mfululizo, hita inazimwa na kengele inalia. Na ile swichi ya joto iliyomo ndani ya hita yenyewe hatukuiondoa. Tumeiweka 26, mashine iko 24. Ili hita iwake lazima wote wawili wakubali.

Upande wa umeme mkubwa sitaki mjadala. Kila kinachoweza kuwa cha volti 12 kiwe cha volti 12: feni, taa, pampu ya kuongeza maji. Kinachobaki kwenye volti 230 kinapita kwenye swichi ya kinga ya miliampia 30, inayokata umeme unapovuja. Saketi breka ya kawaida inalinda waya, mtu haimlindi. Kwenye maji yale ya sebuleni breka yangu ilikuwa imetulia tu. Boksi liko ukutani, juu kuliko tangi na pembeni yake. Kila waya unaotoka kwenye maji unashuka kwanza chini ya soketi ndipo upande kuingia, ili tone likifuata waya lidondokee pale chini. Ekstensheni sakafuni, kwetu, mwiko.

Bodi yenyewe nimeipaka rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, kila sehemu isipokuwa penye soketi na vifungo. Hewa ya chumvi hapa inakula shaba, miezi sita tu unaona ukijani.

Mambo niliyokataa kufanya: kulisha kwa mashine, maana chakula kikinyonya unyevu wa pwani kinagandana, hakishuki siku mbili, ya tatu kinashuka chote, na chakula kingi kinaua kuliko njaa. Gapi mkubwa siku chache bila kula hana neno. Pia sijaweka kuwasha kwa simu. Vijana hawanielewi hapa. Kutazama joto kwa simu, sawa, nitakuwekea. Kuwasha hita ukiwa kwenye basi Segera, humwoni samaki wala sakafu, hapana.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafanya ukorofi. Nachomoa kihisi, nanyanyua boya kwa kidole, nabonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kinga, nazima bodi yote nione chujio linaendelea. Mama huita siku hiyo "siku ya kuwatesa samaki". Kitufe cha kulisha ni chake sasa, mimi sikigusi.

Juzi Mwalimu alinipigia alfajiri. "Fundi, kengele inalia, skrini inaandika hasi mia na ishirini na saba." Nikamwamkia, nikamuuliza hita ikoje. Akasema baridi. Samaki? Wako chini wamekaa kimya, maji yana nyuzi 20 kwa kipimajoto cha mkono. Nikamwambia afuate waya wa kihisi kwa vidole, taratibu, kuanzia kwenye tangi. Nikamsikia anahesabu pumzi, kiti kinasogezwa, kabati linasogezwa.

"Panya," akasema. "Ametafuna mpaka shaba."

Kihisi kipya nimempelekea kwa basi la jana. Panya, anasema, bado hajamshika.